Baa ya mtaani kwetu Kimara: nusu kilo ya kitimoto vipande saba, bia ya moto, halafu naambiwa mimi siyo levo yao!!

Wakuu habari za jioni, na wale ambao muda huu mshakaa mahali na chupa iko mezani inatoa jasho, hongereni sana maana wengine hiyo chupa ya jasho tunaiona kwenye mabango tu.

Nimekuja kutoa nyongo. Nikimwambia mke wangu atanijibu "si nilikwambia", na washkaji wa meza yetu ukiwaambia wanacheka halafu wanaagiza nyingine, ndiyo maana hawa jamaa wanatufanya wanavyotaka. Jina la baa silitaji, wa Kimara mtaijua kabla hamjafika katikati ya uzi, na kama huijui basi hongera maana hujakosa kitu.

Nianzie mbali kidogo mjue hasira inatokea wapi. Hapa nimeanza kukaa 2014, bado bachela, wakati huo baa iko barabarani kabisa, mabati, viti vya plastiki, friji mbili na jiko la mkaa kwa nyuma. Mwenyewe mzee mmoja hivi sisi tulikuwa tunamwita Mangi tu. Ikaja ile bomoabomoa ya 2017 ya upanuzi wa Morogoro Road, wenyeji mnaikumbuka, X nyekundu kila ukuta kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, na baa ya Mangi ikawa mojawapo, ikalala chini. Sasa sikilizeni, siku ile viti tulibeba SISI. Mimi mwenyewe nimesukuma friji kwenye toroli na jamaa yangu fundi umeme, tumevuka nalo mpaka mtaa wa pili ndani huko, Mangi akaanza upya chini ya mwembe bila hata sakafu. Mwaka mzima tumekaa kwenye vumbi pale na hakuna aliyehama, maana mdudu wa Mangi, yaani hiyo kitimoto, jamani acheni. Pande linaning'inia kwenye ndoano unachagua mwenyewe, jamaa anakata mbele yako, anaweka kwenye mzani mbele yako na mshale unauona, halafu anaongezea kakipande cha juu anakukonyeza "hicho cha shemeji". Anachemsha kwanza na limao na tangawizi, maji yakikauka linajikaanga kwa mafuta yake lenyewe, linakuja kavu, rangi ya kahawia, ngozi inalia kwenye meno, pembeni ndizi, kachumbari ya kitunguu cha kuoshwa na chumvi, pilipili mbuzi nzima. Nusu kilo watu wawili mnashiba.

Mzee akachoka, kama miaka miwili iliyopita akarudi kwao kupumzika akamwachia kijana wake. Kijana si mbaya kwa sura, anavaa vizuri, ananukia. Akapiga kuta rangi nyeusi, taa za zambarau, masofa, skrini tano, mwembe ukakatwa (huo mwembe peke yake ningeweza kuufungulia uzi wake), na kwenye jina akaongeza neno Lounge. Tukashangilia kama mazuzu. Hatukujua kwamba hela ya yale masofa tutailipa sisi kwenye sahani.

Njooni Jumamosi iliyopita. Nimefika saa kumi na mbili na nusu, nimekaa dakika kumi na tano hakuna anayenitazama, wahudumu watatu wamesimama kaunta wanaangalia simu ya mmoja. Nikaita, nikaagiza nusu kilo kavu, ndizi nne, na Safari ya baridi. Dada anarudi na bia ya uvuguvugu, nikishika hivi kama chai ya mgonjwa. Namuuliza ya baridi ananiambia zimeisha kaka, "nikuletee barafu uchanganyie?" BARAFU. Kwenye SAFARI. Nikanyamaza nikihesabu mpaka kumi. Namuuliza tatizo nini ananiambia umeme. Umeme upi tena wakati skrini tano zinawaka, taa za zambarau zinawaka na spika inatikisa mabati ya jirani? Hiyo ya mgao ungeniambia kabla ya 2024 ningekuelewa, toka mashine za Bwawa la Nyerere zianze kuwashwa hicho kisingizio kilishakufa. Ukweli fundi wao mwenyewe kaniambia: friji moja gesi imeisha toka mwezi uliopita, nyingine wanaizima mchana kubana luku, wanaiwasha saa kumi na moja wateja wakikaribia. Bia ishinde kwenye joto la Dar hili halafu ipoe kwa saa moja, ni bia au ni uchawi?

Nyama imekuja saa mbili kasoro. Saa nzima na ushee! Sahani kubwa nyeusi ya kisasa, katikati kuna vipande saba. Nimehesabu mara mbili kwa tochi ya simu maana kwa zile taa huwezi kujua unakula nini. Saba, viwili ngozi tupu, kimoja mfupa. Ndizi nne zilikuwa tatu na nusu, naapa. Kachumbari siku hizi unauziwa mia tano, na tomato sosi waliyoweka pembeni imeongezwa maji mpaka inatiririka inaingia kwenye ndizi.

Hayo ningemeza. Sasa nimekata kipande kikubwa, ndani pinki. Juu kimeungua, ndani kibichi, kwa sababu hawachemshi tena, wanatupia moja kwa moja kwenye mafuta ya chipsi, yale meusi ya toka juzi. Wakuu hapa naomba tuache utani kidogo. Kitimoto kibichi siyo suala la ladha tu. Nina ndugu yangu ni afisa mifugo alishanieleza hii habari ya minyoo ya tegu, nguruwe anayezurura akala kinyesi cha mtu mwenye tegu anapata vilengelenge ndani ya nyama, wewe ukila ile nyama haijaiva mnyoo unakua tumboni kwako, na mayai yake yanatoka ukienda chooni. Mbaya zaidi ni hapo kwenye mayai, maana mwenye nao asiponawa mikono akamshikia mwenzake chakula, yale mayai yakimezwa vijidudu vinasafiri mpaka kwenye ubongo na ndiyo chanzo kimojawapo kikubwa cha kifafa sehemu zenye ufugaji wa hivyo. Haya, sasa twende kwenye sehemu ya kunawia. Enzi za korona 2020 Mangi aliweka ndoo mbili za koki na sabuni, zikabaki pale miaka. Leo kuna sinki zuri la kioo, linawaka taa kwa chini, halitoi maji. Sabuni ukiulizia wanakutazama kama umeomba mkopo. Na yule kijana wa jikoni nimemwona kwa macho yangu anatoka chooni moja kwa moja kwenye ubao wa kukatia nyama. Choo chenyewe hakina komeo, unajisaidia mkono mmoja umeshika mlango.

Nikarudisha sahani wakairoste upya, ikarudi vipande SITA. Nauliza cha saba kiko wapi, "labda kimesagika kaka".

Bili sasa. Nimekunywa bia nne, chupa ziko chini ya meza mimi nina tabia hiyo siziruhusu ziondoke mpaka nilipe, nawashauri na nyie. Bili imeandikwa sita. Tumebishana, nimezipanga chupa mezani moja baada ya nyingine kama mwalimu wa darasa la kwanza, manager akaja akasema basi tuweke tano tusigombane. Tuweke tano?? Kwani hesabu ya bia ni mahari tunapatana? Lipa namba haifanyi kazi, tuma kwenye namba hii ya mtu binafsi, risiti hamna mashine mbovu. Nikatoa elfu thelathini taslimu kwa bili ya elfu ishirini na mbili na mia tano, nikarudishiwa elfu nne, nyingine "nakuletea kaka", mpaka leo.

Jumapili sikulala na hii kitu. Mke wangu anaoka keki za oda ana ule mzani mdogo wa dijitali. Nikaenda bucha nikanunua nusu kilo ya mdudu, nikapima gramu 500 kamili, nikachemsha nikakaanga kavu kama alivyokuwa anafanya Mangi, ilipoiva nikapima: 335. Sawa, nyama inapungua maji na mafuta yakitoka, hilo kila mtu analijua na mimi sibishi. Jumatano nikaenda na mzani kwenye begi. Nikaagiza nusu kilo kavu, sahani ilipofika nikatoa mzani nikauweka mezani watu wanashangaa, nikapima nyama yote na mfupa wake. 215. Mia mbili na kumi na tano wakuu! Kwa upunguaji ule ule wa nyumbani kwangu maana yake mbichi ilikuwa kama gramu 320, na mimi nimelipa elfu nane ya nusu kilo. Piga hesabu mwenyewe, kilo wanasema elfu 16 kumbe nanunua kwa karibu elfu 25. Mzani wao siku hizi uko nyuma ya pazia huko jikoni, huchagui pande, huoni mshale, stika ya Wakala wa Vipimo nimeitafuta kwa macho mpaka nimefukuzwa jikoni sijaiona. Na hata ukipimwa sawa kuna kata ya jikoni, vipande viwili vya kwako vikichanganywa na viwili vya meza nyingine tayari kuna sahani ya mtu wa tatu.

Kijana wa jikoni utetezi wake: "bro mzani wa keki hauwezi kupima nyama". Sijui nilie au nicheke.

Ndiyo akaja mwenyewe, mtoto wa Mangi. Nikajua huyu tutaelewana, nimemjua ana sare za shule ya msingi, nimeshamnunulia soda huyu. Ananiambia kwa upole kabisa, mkono begani, "braza tumepandisha standadi, sasa hivi tunatafuta wateja wa levo nyingine, kama unaona haikufai sehemu ni nyingi". Mbele ya meza nzima. Levo nyingine! Friji anayonizimia mchana ni lile nililosukuma mimi kwenye toroli 2017, bado lina ule mkwaruzo ubavuni tulipoligonga kwenye nguzo!!

Niseme na hili, wale dada wahudumu siwalaumu sana. Wanachukua bia kaunta kwa dhamana yao, mteja akikimbia na bili inakatwa kwao, mshahara unachelewa mpaka wanakuuliza wewe mteja una buku mbili ya nauli. Mtu wa hivyo akikuandikia bia mbili za hewa ni wizi ndiyo, ila najua amefundishwa na nani. Wale wawili wa zamani waliokuwa wanajua jina lako na bia yako kabla hujakaa wameondoka mwezi mmoja.

Kuna watakaokuja hapa kusema "si uhame baa ziko kibao". Wewe unayesema hivyo unakaa wapi? Baa ya mtaani maana yake nikizidiwa natembea dakika nne niko kitandani, sipandi boda usiku nimelewa, sivuki Morogoro Road ile yenye njia nane kichwa kinazunguka. Mke anajua nilipo, mtoto akiumwa anatumwa mtu kuniita. Nikihamia Mbezi au Ubungo hayo yote sina. Na spika zao zitanifuata tu mpaka chumbani hata nisipoenda, maana zinapiga mpaka saa nane usiku, kwa hiyo baa nimehamwa nayo mimi sijahama.

Naomba wadau wa Kimara mnisaidie: kuna mahali kuanzia Kimara Korogwe mpaka Temboni mdudu anachemshwa kwanza na mzani uko nje? Kitu cha kawaida tu, viti vya plastiki sawa, hata skrini isiwepo. Na kama kuna mtu anajua utaratibu wa kuwaita Wakala wa Vipimo waje kukagua mzani, ni ofisi gani unaanzia na wanakuja lini, anielekeze hapa hapa. Picha ya mzani unaosoma 215 ninayo.

Mrejesho: Kuna mtu wa ile meza yetu kausoma uzi, kanipigia anasema leo mzani umetolewa nje ya pazia. Mzani ukiwa hauna kitu juu mshale unasoma gramu hamsini. Nakwenda kesho na begi langu. Na wewe dada wa Jumamosi kama unasoma hapa, chenji yangu elfu tatu na mia tano mwachie fundi viatu pale nje, nitaipitia nikitoka kazini.