Fibo kwenye pauni: mnaanzia kwenye mkia au kwenye mwili wa mshumaa?

Mchora_Mistari: Wakuu, fungueni GBP/USD (pauni kwa dola), chati ya siku: kila mshumaa ni siku moja, mwili ni bei ya kufungua hadi kufunga, mkia ni bei iliyoguswa tu. Septemba 26, 2022, baada ya ile bajeti ya Kwarteng, waziri wa fedha wa Uingereza wakati huo, pauni ilizama hadi karibu 1.0350. Julai 2023 ikawa imefika 1.3140 hivi. Nikivuta Fibo, ile mistari ya asilimia ya kukisia bei itarudi hadi wapi, kutoka ncha ya mkia hadi kilele cha Julai, mstari wa asilimia 38.2 unakaa 1.2075, na kweli Oktoba bei ilishuka hadi kama 1.2040 ikageuka. Nikivuta kutoka pale mshumaa ulipofunga, juu ya 1.06, 38.2 inahamia kama 1.22 na bei inaipita kama haipo. Nyie mnashika wapi?

FundiChati: Mkia. Bei iliyofika imefika, basi. Ila maswali haya huwa ya wenye akaunti za senti, zile za hela ndogo. Kueni kwanza.

Mama_Pipsi: Akaunti ya senti imekukosea nini mkuu?

Baba_Zulfa: Fundi, "imefika" kwa broka gani? Ule mporomoko ulikuwa saa za Asia, soko jepesi, wanunuzi na wauzaji wachache. Forex haina ukumbi mmoja kama Soko la Hisa la Dar, kila broka ana mkia wake. Wewe una 1.0350, mwenzako ana pungufu ya hapo, na wote mnaapa.

FundiChati: Dada yangu, nilirusha jiwe gizani. Aliyelia ndiye lililompata.

Mama_Pipsi: Limenipata na nalirudisha. Senti ni hela halisi, presha halisi, na sijauza kiwanja. Juzi si wewe uliyekuwa unalia broka kakufungia biashara usiku kwa kuishiwa dhamana?

FundiChati: Hayo ni mambo ya grupu, usiyalete huku.

Kaka_wa_Kariakoo: Watu wazima mnagombania namba za Mgiriki wa kale.

Baba_Zulfa: Mwitaliano, Fibonacci wa Pisa, kitabu chake cha 1202. Na hiyo asilimia 50 mnayoipenda si uwiano wa Fibonacci, imebandikwa tu katikati ya 38.2 na 61.8.

Kaka_wa_Kariakoo: Mgiriki, Mwitaliano, hela yenu iko wapi? Mnachagua kilele bei ikishageuka. Ile Julai nani alijua kuwa 1.3140 ndiyo kilele? Nileteeni mistari kabla bei haijafika, tuhesabu iliyoshika na iliyopitwa. Mkia ukikataa mnahamia mwilini, mwili ukikataa mnabadili taimfremu, mshumaa wa siku unakuwa wa saa.

FundiChati: Asiyefanya biashara asitufundishe.

Kaka_wa_Kariakoo: Nilifanya, nikaunguza akaunti mbili. Hiyo ni shule tosha.

Mchora_Mistari: Jamani, mkia au mwili?

Sauti_ya_Mbeya: Mimi huchora zote mbili. Kwa mfano wako, kuanzia 1.22 hadi 1.2075 kwangu ni eneo, sio mstari, na stopu (oda ya kufunga kwa hasara) inakaa chini yake. Shida ni kwamba eneo lina zaidi ya pipsi mia (pipsi moja ni 0.0001), kwa hiyo loti, yaani ukubwa wa biashara, lazima iwe ndogo sana. Hapo ndipo senti inafaa. Mama P, spredi yake (pengo la bei ya kununua na kuuza) ikoje?

Mama_Pipsi: Kwa broka wangu ni pana kidogo kuliko akaunti ya kawaida. Asubuhi ya Asia usiguse, inatanuka. Swapu, ada ya kulaza biashara usiku, ni ileile, Jumatano wanakata mara tatu.

FundiChati: Jumatano? Mimi wananikata mara tatu Ijumaa.

Baba_Zulfa: Wanakata kwa ajili ya wikiendi. Jumatano kwa sababu sarafu huchukua siku mbili za kazi kukamilishwa, kwa hiyo ikilala Jumatano malipo yanaivuka wikiendi.

Mama_Pipsi: Ijumaa mabroka wengi hukata hivyo kwenye fahirisi za hisa. Mkuu, una uhakika unafanya pauni?

FundiChati: Nimeingia na simu, ngoja nifike kwenye kompyuta.