Tupeane uzoefu: nani amekutana na jeshi la Wagold Coast (Ghana ya leo), wale waliopigana Kibata, Kilwa, 1916?

Fundi Bomba (mwanzisha mada):
Wakuu, salaam.

Mwaka juzi nilikuwa Tamale, kaskazini mwa Ghana, kwenye mradi wa maji. Tukapita geti la kambi ya jeshi, bango linasema Kamina Barracks. Mimi Kamina ninayoijua ni ya Katanga. Nikamuuliza dereva, Congo imefikaje huku? Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kamina yao iko Togo. Wajerumani walijenga pale mtambo mkubwa wa simu ya upepo wa kuongea na Berlin. Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Gold Coast Regiment, kikosi cha Mwingereza, ikawafuata, na usiku wa kuamkia tarehe 25 Wajerumani wakaubomoa wenyewe wasije wakanyang'anywa. Katika safari hiyo hiyo ya Togo, askari wao Alhaji Grunshi ndiye anayetajwa kufyatua risasi ya kwanza ya askari wa Mwingereza katika vita ile nzima.

Batalioni ya 6 ndiyo inayokaa pale Kamina. Ya 4 iko Kumasi, kambi inaitwa Uaddara, mahali walipopigana na Waitalia Ethiopia mwaka 1941. Ya 5 iko Accra, Arakan, hiyo ni Burma. Yaani ukisoma mabango ya mageti umesoma babu zao walikopelekwa.

Kilichoniuma kidogo ni kwamba katika mageti niliyopita, Kibata sikuiona. Na jamaa hawa walikaa huku miaka miwili! Walishuka Kilindini Julai 1916, wakapigana milima ya Uluguru, wakapelekwa Kilwa, wakatokea Msumbiji, wakarudi kwao 1918. Mwenye kisa chochote, cha babu au chake mwenyewe, alete.

Mjukuu wa Matumbi:
Kwetu ndiko Kibata, mkuu. Boma la Mjerumani liko juu kilimani, na vilima vingine vinalizunguka kama watu wanaota moto. Desemba 1916 Mwingereza yuko bomani, Mjerumani yuko vilimani anampiga kwa mizinga, mmoja wapo umetolewa kwenye ile manowari ya Königsberg iliyoishia Rufiji. Tarehe 15 Wagold Coast wakatumwa kupanda kilima kimoja. Walikichukua, ila walikufa wengi. Ramani za Waingereza zikakiita Gold Coast Hill. Mimi sijasikia mtu wa kwetu akikiita hivyo.

Bibi mzaa baba alikuwa akisema "vita ya mzinga wa meli", basi. Cha kwao kikubwa kilikuwa Maji Maji, kwa sababu Nandete si mbali na ilikuwa imepita miaka 11 tu. Baba yake alinusurika njaa ile, halafu hii vita ikamkuta msimu wa kupanda. Mjerumani akambebesha, akatoroka. Mwingereza akamdaka, akambebesha tena. Alikuwa akisema mzigo ni uleule, sanduku la risasi, kilichobadilika ni lugha ya matusi.

Mzee wa Gerezani:
Vijana, mimi hao wa 1916 sikuwakuta, ila 1964 nilikuwa na miaka tisa. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari pale kambi ya Colito, Dar, Mwalimu aliita Waingereza, halafu hakutaka wakae. Aprili ikaja batalioni ya 3 ya Nigeria kulinda mpaka jeshi jipya lisimame, wakaondoka Septemba.

Mama alikuwa anauza ndizi mbivu Kariakoo. Siku moja akaja askari mrefu, kovu shavuni, akaokota kichane, akauliza bei kwa Kiingereza. Mama akamjibu kwa Kiswahili, "Senti hamsini." Yule bwana akashtuka. "Hamsin?" Kwao kwa Kihausa 50 ni hamsin! Akaanza kuhesabu kwa vidole: ashirin, talatin, arba'in. Mama anamjibu: ishirini, thelathini, arobaini. Watu wakajaa. Walipofika tisini askari kasahau alichofuata, akaondoka bila ndizi, akarudi mbio kulipa. Tangu siku hiyo akipita anasema "Labari?" mama anajibu "Habari nzuri."

Mvita Damu:
Shikamoo mzee, kisa kitamu, lakini hao ni Wanigeria. Mada ni Gold Coast.

Mzee wa Gerezani:
Marahaba. Baba yao mmoja, mwanangu. Wote walikuwa West African Frontier Force, jeshi la makoloni ya Mwingereza Afrika Magharibi, na Kihausa ndicho kilichokuwa lugha ya kambini. Hao Wanigeria nao walipigana kwetu, Mahiwa, Oktoba 1917. Kamuulize mtu wa Lindi.

Kofia Bluu:
Naunga mkono mzee, ni ndugu. Nilikuwa Lebanon na umoja wa mataifa, Waghana walikuwa jirani zetu. Desemba wakatualika sherehe yao ya kufunga mwaka, wanaiita WASSA, ni ya tangu enzi za mkoloni na Nigeria nao wanayo. Nikapanga foleni na sahani yangu. Nainua macho, anayepakua wali ni kamanda wao mwenyewe, upawa mkononi, jasho linamtoka. Maofisa wanahudumia askari siku hiyo. Nilipiga saluti na sahani mkono wa kushoto, mchuzi ukanimwagikia buti. Akaniongezea nyama, nadhani ni ya pole.

Wagold Coast walienda Burma na beji ya buibui begani, divisheni ya 81. Ananse, mjanja wa hadithi zao. Ingekuwa sisi tungeweka sungura.

Mama Akosua:
Naishi Kumasi mwaka wa kumi na nne, mume wangu ni Mwashanti. Ngome ya Waingereza katikati ya mji sasa ni makumbusho ya jeshi. Kuna vitu walivyoteka kwa Wajerumani huko kwetu Afrika Mashariki, vya Ethiopia, vya Burma. Niliwapeleka watoto nikiwaambia "hivi vimetoka kwa bibi". Mwongozaji akatuingiza kwenye chumba walichokuwa wakifungia watu enzi za mkoloni, akafunga mlango bila kuaga. Giza nene, joto. Mwanangu akanikwida kanga nusu aichane. Wakwe zangu wanaijua ngome hiyo kwa kisa cha Yaa Asantewaa, malkia mama wa Kiashanti aliyeizingira 1900, hayo ya Wajerumani wala hawana habari nayo.

Fundi Bomba:
Dada, tafadhali ukipita tena angalia vile vibao, kama kuna kimoja kimeandikwa Kibata.

Mama Akosua:
Jumamosi nitapita, nitapiga na picha. Ila kile chumba cha giza siingii tena, hata akiniambia Kibata imeandikwa humo ukutani.