Kichupa cha mafuta ya bangi alichoniachia mgeni: nimpelekee mwanangu Wete?

Mama_Wete

Asalaam alaykum. Mie nasafisha vyumba hotelini, Paje. Mgeni mmoja wa Marekani alipoondoka aliniachia kichupa cha mafuta. Akaniambia yanatokana na bangi lakini hayaleweshi, yanaitwa CBD, na kwao yanauzwa madukani. Kilichonivuta ni kuwa mpwa wake ana kifafa na anasema yamemsaidia.

Mwanangu ana miaka 7, yuko Wete, Pemba, kwa bibi yake. Anakunywa valproeti, dawa ya kifafa, asubuhi na usiku, lakini tangu Ramadhani ameshaanguka mara nne, mara moja kwenye chuo cha Kurani mbele ya wenzake, na sasa hataki tena kwenda. Kichupa kimeandikwa miligramu 1,500 na "THC chini ya asilimia 0.3". Kuna dada anapanda boti Alkhamisi, nataka nimpe ampelekee mama. Kuna ubaya? Naomba msinitukane.

Dereva_Kusini

Waalaykum salaam. Huyo dada wa boti anajua anabeba nini? Kama hajui, unamtwisha kesi isiyo yake. Bandarini hawamuulizi aliyetuma, wanamuuliza aliyeshika mfuko. Usimpe.

Mfamasia_Chake

Mama, hakuna wa kukutukana. Mimi nakaa dirishani nagawa hizo hizo dawa za kifafa, na mzazi aliyechoka namjua akisimama tu.

Huyo mgeni hakukudanganya. CBD ipo kama dawa ya kweli. Marekani waliipitisha mwaka 2018 kwa jina la Epidiolex, kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Lakini ile daktari anaipima kwa uzito wa mtoto, na ini linapimwa damu kabla ya tone la kwanza. Ini ndilo linalonitia hofu kwa mwanao, kwa sababu CBD ikikutana na valproeti ini huweza kuumia. Yaani dawa anayokunywa kila siku ndiyo hasa isiyopatana na hicho kichupa.

Halafu lebo. Mwaka 2017 watafiti wa huko huko Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa hazikufika theluthi moja, na 18 zilikutwa na THC, ile inayolewesha. Wapo pia wanaoichemsha CBD na asidi wakapata delta-8, nayo inalewesha, na mabaki ya kemikali hubaki humo humo. Mtoto wa kilo ishirini hana pa kuyapeleka hayo.

Hiyo asilimia 0.3 ni mpaka wa sheria yao ya kilimo ya 2018, na mwanya wake uliopitisha vitu vinavyolewesha kama delta-8, wenyewe wameamua kuuziba kwa sheria ya Novemba 2025. Hapa kwetu bangi ni dawa ya kulevya, na tuna sheria Namba 8 ya 2021 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Maandishi ya lebo ya Marekani hayatakutetea mbele ya hakimu.

Nakuuliza kitu kimoja, nijibu kweli: ameshakunywa?

Mama_Wete

Ndiyo. Wiki iliyopita alikuja kwangu likizo ya skuli. Nilimpa matone matano usiku mmoja, na kesho yake tena. Ile siku ya pili alilala baada ya Maghrib hakuamka mpaka adhuhuri, nikimwita anafungua macho tu anayafumba. Nikasema alhamdulillahi, leo kapumzika. Sikumwambia mtu.

Mfamasia_Chake

Kule hakukuwa kupumzika, mama. Mpigie bibi yake sasa hivi. Amwangalie macho kama yana umanjano, mkojo kama umekuwa mweusi, kama anatapika au amekataa chakula. Hata asipoona kitu, kesho asubuhi ampeleke hospitali ya Wete na aseme wazi kuwa mtoto alipewa mafuta ya bangi, siku mbili, matone matano matano. Asione haya, daktari anahitaji kujua apime nini. Na valproeti isikatwe hata dozi moja, ikikatwa ghafla degedege linaweza kuja lisisimame. Huko huko amwambie daktari kuwa kaanguka mara nne. Pengine dozi yake ni ya zamani na mtoto keshaongezeka uzito, hilo watu wengi hulisahau.

Dereva_Kusini

Na kichupa usikifiche kwenye vitu vyako. Mwambie meneja kilitoka chumba gani, yeye ndiye awaite wahusika, na wewe uwepo.

Mama_Wete

Nimempigia. Macho hayana kitu, lakini tangu juzi hali chakula, anakunywa maji tu. Mama amemwambia jirani mwenye gari, alfajiri wanaondoka. Kichupa nimempa meneja. Hiyo boti ya Alkhamisi napanda mwenyewe.