Kodi P0101 na P0171: sensa ya eafloo imekufa au nianze kwingine?

Gia_ya_Tatu

Habari zenu wakuu. Gari ni la petroli, silinda 4, lita 1.8, otomatiki. Taa ya injini imewaka, skana inatoa kodi za hitilafu P0101 (usomaji wa eafloo, yaani sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, haulingani) na P0171. Sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, ila mlimani linakuwa zito, na ukikanyaga mafuta ghafla linajikwaa kwanza ndipo liitikie. Vipimo hivi nimechukua injini ikiwa ya moto, AC imezimwa:

Sailensi, mzunguko 700 kwa dakika: hewa gramu 2.1 kwa sekunde, trimu ya mafuta ya muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) +3.
Limesimama, mzunguko 2500: gramu 5.6, trimu +12.
Barabarani, mwendo wa 100: trimu +23.

Chujio la hewa na plagi ni vipya. Fundi anasema eafloo imekufa, ninunue nyingine. Naomba kujua: nitahakikishaje kabla ya kutoa hela? Kuisafisha kunatosha? Na nikibadilisha, kompyuta ya gari inahitaji kuprogramiwa?

---

MultimitaMkononi

Usinunue kitu bado, ila trimu zako zimeshamtoa mshukiwa mmoja. P0171 inasema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Haisemi kwa nini. Kama kungekuwa na hewa ya wizi inayoingia nyuma ya throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta (mpira wa PCV, yaani njia ya mvuke wa oili kurudi kwenye injini, gasketi ya manifoldi, mpira wa servo ya breki), trimu ingekuwa kubwa kwenye sailensi halafu ingeshuka unapopandisha mzunguko. Tundu ni lile lile, lakini hewa halali imeongezeka, kwa hiyo ile ya wizi inakuwa sehemu ndogo ya jumla. Yako inakwenda kinyume: ndogo sailensi, kubwa kadiri mzigo unavyozidi. Hapo wanabaki wawili, sensa inayopunja hewa au mafuta yasiyofika ya kutosha. Trimu peke yake haiwezi kuwatenganisha hao.

Kinachowatenganisha ni gramu za hewa throto ikiwa wazi kabisa. Tafuta barabara iliyo wazi, weka skana irekodi (au mtu mwingine asome, siyo wewe dereva), gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka chini na uache mzunguko upande hadi 4500. Chukua namba ya hapo. Kisha piga hesabu:

lita za injini × mzunguko ÷ 2 ÷ 60 × 1.2

Hiyo 1.2 ni uzito wa lita moja ya hewa kwa gramu, usawa wa bahari, nyuzi 20. Kwa injini yako: 1.8 × 4500 ÷ 2 ÷ 60 × 1.2 = 81. Injini ya kawaida isiyo na turbo haijazi silinda zake kikamilifu, chukua kama asilimia 85 hivi, unapata karibu 69. Ukiwa nyanda za juu, mita 1700 kwa mfano, tumia 1.0 badala ya 1.2, maana hewa ni nyepesi. Ukisahau hilo utaihukumu sensa nzima.

Ukishapata namba, soma hivi. Gramu ziko sawa na trimu iko juu: sensa haina kosa, nenda kwenye pampu ya mafuta, chujio la mafuta na nozeli. Gramu ziko chini na trimu iko juu: sensa inapunja. Gramu ziko chini lakini trimu iko karibu na sifuri: sensa inasema kweli, injini ndiyo haipumui. Hapo angalia masega ya egzosi yaliyoziba, chujio la hewa, au mkanda au mnyororo wa taiming ulioruka jino.

---

Klampu_na_Mpira

Mkuu hapo juu amesema vizuri, ila naongeza tundu moja kwenye mantiki yake. Gramu chini pamoja na trimu juu si lazima iwe sensa. Mpira mkubwa wa hewa, ule wenye mikunjo kati ya sensa na throto, ukipasuka ndani ya mikunjo hutoa picha hiyo hiyo: hewa inapita bila kupimwa. Na ufa wa aina hiyo una tabia ya kujifunga injini ikiwa imetulia, halafu unafunguka injini inapojipinda kwenye mauntini zake ukikanyaga mafuta. Ndiyo maana sailensi inakuwa safi na mlimani inaharibika.

Usiuangalie ukiwa umefungwa. Legeza klampu mbili, utoe nje, ukunjue kila mkunjo kwa vidole chini ya mwanga, hasa upande wa chini. Angalia pia vimipira vidogo vinavyochomekwa humo. Kifuniko cha oili na dipstiki visiachwe, navyo hupitisha hewa kwenda PCV.

---

Piga_Chenga

Si achomoe tu soketi ya sensa? Gari likienda vizuri, eafloo mbovu, kesi imeisha.

---

MultimitaMkononi

@Piga_Chenga kipimo hicho kina maana lakini nusu. Ukichomoa, kompyuta inaacha kupima na badala yake inatumia makadirio ya mzunguko na ufunguzi wa throto. Likipata nguvu, sensa inashukiwa kweli. Lakini mpira uliopasuka nao unaweza kutoa nafuu hiyo hiyo, kwa sababu makadirio hayajali hewa imepita wapi. Na likizima au likabaki vile vile haijathibitisha kitu. Anayetaka kujaribu achomoe swichi ikiwa imezimwa, na ajue ataongeza P0102 (kodi ya waya wa mawimbi ya hewa), pengine na P0113 (ya joto la hewa) kwa vile kipima joto cha hewa kimo ndani ya sensa hiyo hiyo. Azifute baadaye zisije zikampoteza fundi mwingine.

---

Waya_Mweusi

Kabla ya sensa, soketi. Sensa nyingi za aina hii zina waya 5: umeme wa betri, ethi (waya hasi) ya sensa, mawimbi ya hewa, mawimbi ya joto, na ethi ya joto. Rangi hazifanani kati ya gari na gari, tumia mchoro wa gari lako.

Swichi imewashwa (ON), injini haijawashwa, soketi imechomolewa: waya wa umeme utoe volti ya betri, 12 na kitu. Rudisha soketi, washa injini, pima kati ya ethi ya sensa na kichwa hasi cha betri. Isizidi volti 0.1. Ethi mbovu hupotosha usomaji na watu hubadilisha sensa mbili tatu bila mafanikio.

Waya wa mawimbi: sensa ya volti huwa karibu na volti 1 au pungufu pasipo hewa, hupanda kidogo sailensi, na huenda juu ukikanyaga. Muhimu zaidi ya namba ni ulaini wa kupanda. Tikisa waya huku unatazama mita. Ikiruka, tatizo ni soketi. Zipo pia sensa zinazotoa mawimbi ya hezi badala ya volti. Kwa hizo multimita ya kawaida kwenye volti haitakuambia kitu, weka kwenye Hz.

Kipima joto: ohm kati ya pini zake mbili za joto. Kwa sensa nyingi ni kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka joto likipanda.

Kumbuka P0101 ni kodi ya usomaji usiolingana na hali ya injini. Waya ukikatika kabisa ungetarajia P0102 au P0103.

---

Gia_ya_Tatu

Asanteni. Nipo karibu na usawa wa bahari. Mzunguko 4500, throto wazi: gramu 46. Mpira wa hewa nimeutoa na kuukunjua, hauna ufa. Umeme volti 12.4, ethi 0.03. Kwa hiyo sensa inapunja?

---

MultimitaMkononi

46 dhidi ya 69, na trimu +23. Inapunja. Uchafu kwenye kiwaya husababisha hali hiyo: sensa hupima hewa kwa kuangalia umeme kiasi gani unahitajika ili kiwaya kibaki na joto lake wakati hewa inakipooza. Vumbi likikivaa kama koti, hewa haikipoozi vya kutosha, umeme unaohitajika ni mdogo, kompyuta inadhani hewa ni chache. Safisha kwanza.

---

Oringi_Kavu

Usafishaji. Nunua dawa ya kopo iliyoandikwa mahsusi kwa sensa ya hewa. Dawa ya kabureta na ya breki ziache, zinakula plastiki na gundi, nyingine zinaacha utando. Injini iwe imepoa, swichi imezimwa. Bonyeza klipu ya soketi, vuta soketi yenyewe, usivute waya. Fungua skrubu mbili. Nyingi ni za nyota ya kawaida, nyingine ni toksi T20 yenye tundu katikati, na hiyo usiilazimishe kwa koleo.

Puliza mara 10 hadi 15 kwenye kiwaya na kwenye kile kidoti cha joto, kutoka umbali wa sentimita chache. Pamba, brashi, kitambaa, upepo wa kompresa: vyote hapana, kiwaya ni chembamba na dhaifu sana. Acha kikauke chenyewe angalau nusu saa. Ukiwasha kikiwa na majimaji unaweza kukichoma.

Futa kodi, rudia kipimo kile kile cha gia ya pili. Ikirudi kwenye 65 na kuendelea, umemaliza. Ikipanda kidogo tu, kiwaya kimezeeka, nunua.

Kwenye kununua hapo ndipo watu huumia. Usiamini umbo. Sensa nyingi zinaingia kwenye tundu moja, skrubu zinakaa, soketi inakubali, lakini ndani hesabu ni nyingine. Namba iliyochapwa mgongoni ilingane yote, pamoja na tarakimu za mwisho. Za Toyota huanza na 22204, za Nissan 22680. Watengenezaji wenyewe mara nyingi ni Denso, Hitachi au Bosch na wana namba zao pia. Feki nazo huandikwa majina hayo hayo, hivyo bei ya kushangaza ni onyo. Kwa maoni yangu, orijino iliyotumika, yenye namba sahihi na iliyosafishwa, inaishinda mpya isiyojulikana ilikotoka.

Kufunga: oringi isiwe na ufa wala haijajikunja, tundu lake lifutwe vumbi kwanza. Usipake silikoni ya kuziba. Mvuke wake huchafua kiwaya na sensa ya oksijeni. Kitundu cha kupitishia hewa kielekee upande wa chujio. Kama yako inakuja na bomba lake, mshale uelekee injini, na wavu wa mbele usitolewe, unanyoosha mkondo wa hewa. Skrubu zinaingia kwenye plastiki, kaza kwa nguvu ya vidole kwenye bisibisi, kama Nm 1.5 tu. Shika skrubu vizuri isidondokee ndani ya bomba.

Funga boksi la chujio klipu zote. Likibaki wazi kidogo trimu haitasema kitu, kwa sababu hewa hiyo bado inapimwa, ila vumbi litaivaa sensa mpya mapema. Machujio ya kupakwa oili nayo huleta shida hiyo yakipakwa kupita kiasi.

Kuprogramu hakuhitajiki kwa magari mengi ya petroli. Futa kodi kwa skana, trimu zirudi sifuri zianze kujifunza upya. Kung'oa betri nako hufuta, lakini unapoteza na kumbukumbu za throto, redio na vioo, halafu sailensi inapanda na kushuka unadhani sensa mpya ni mbovu.

---

Gia_ya_Tatu

Baada ya kusafisha: 51, trimu +18. Nimeweka nyingine, namba sawa kabisa. Sasa 4500 inasoma 68. Sailensi 2.0, trimu inacheza kati ya -4 na +2. Hiyo hasi ni kawaida?

---

Waya_Mweusi

Ni kawaida. Ndani ya ±10 hakuna cha kutafuta. Endesha siku mbili tatu, mjini na barabara ndefu, usome tena injini ikiwa ya moto. Ikivuka -10 na kubaki huko, linganisha tena namba mgongoni mwa sensa, kisha pima presha ya mafuta.