Je, glutamini na arjinini huimarisha kinga au hutuliza mchochota?

Muulizaji: Habari zenu. Dada yangu anasubiri upasuaji mkubwa wa utumbo, na rafiki yake amemshauri anywe unga wa glutamini na arjinini. Kopo linadai kuwa unga huo huongeza kinga ya mwili na hapohapo hupunguza mchochota. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba mchochota, yaani kule kuvimba, uwekundu na joto mahali palipoumia, ni kazi ya kinga hiyohiyo. Inawezekanaje moja ipande na nyingine ishuke?

Jibu la kwanza: Shaka yako ni ya haki. Glutamini na arjinini ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini; ni malighafi, nayo malighafi haiamui kitakachojengwa. Chukua arjinini: baadhi ya makrofaji, yaani chembe za kinga zinazomeza vijidudu, huigeuza kuwa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huua vijidudu na kuchochea mchochota, ilhali nyingine, kwa kutumia kimeng'enya cha arjinesi, huigeuza kuwa ornithini, asidi amino nyingine, ambayo husaidia kujenga tishu za kovu. Njia ipi ifuatwe hutegemea ishara ambazo chembe hizo zimepokea, wala si kiasi cha unga alichokunywa mtu. Glutamini nayo hutumiwa kwa wingi na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zinapogawanyika, lakini mtu mwenye afya, anayekula protini ya kutosha, huitengeneza mwenyewe.

Jibu la pili: Naongeza jambo ambalo watu wengi hawalitaji, nalo linanisikitisha. Kwa kuwa glutamini hupungua katika damu ya wagonjwa mahututi, ilionekana ni busara kuwarudishia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa mahututi 1,223 waliokuwa wakipumua kwa mashine, ulionyesha kuwa waliopewa glutamini walikufa kwa wingi zaidi hospitalini na ndani ya miezi 6. Arjinini pia ilijaribiwa kwa watu 153 waliokuwa wamepata shambulio la moyo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2006: vifo 6 kwa waliopewa arjinini, na hakuna hata kimoja kwa waliopewa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na arjinini, hata jaribio likasimamishwa. Upungufu katika damu si lazima uwe pengo linalotaka kujazwa.

Muulizaji: Nashukuru, ingawa nimeogopa. Je, aache kabisa?

Jibu la tatu: Usiogope, kwani dada yako si mgonjwa mahututi. Kwenye upasuaji mkubwa wa tumbo, hasa wa saratani na kwa mtu aliyedhoofika kwa utapiamlo, kuna lishe maalumu ya hospitali inayochanganya arjinini, mafuta ya samaki na nyukleotidi (vijenzi vya DNA), ambayo kwa kawaida hunywewa kwa siku 5 hadi 7 kabla ya upasuaji, na tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa hupunguza maambukizi baadaye. Hata hivyo, sifa hiyo ni ya mchanganyiko mzima, hivyo kopo la arjinini peke yake haliwezi kujivika. Muhimu zaidi ni kama anakula vya kutosha na kama amepungua uzito bila kutaka. Amweleze daktari wa upasuaji na wa usingizi kila anachokunywa, hasa kama anatumia dawa za shinikizo la damu, maana arjinini huweza kulishusha, au kama ana tatizo la figo au ini.

Muulizaji: Amepungua uzito kweli, nami sikudhani lina uhusiano. Tutakwenda na kopo hilo kwa daktari wake, na tutaanza kwa kumweleza habari ya uzito.