Kaa hai wa Lamu kwenda Dubai: kilo 11 zinageukaje 16?

Swali: Boksi lina kilo 11 kwenye mizani, mbona bili ni ya kilo 16? Na kaa wengine wanafika wamekufa.

Jibu: Ndugu, ndege inauza nafasi pia. Zidisha sentimita za boksi, urefu, upana na kimo: 60 × 40 × 40 ni 96,000, gawa kwa 6,000, kigawanyo cha mizigo ya ndege, hizo ndizo kilo 16. Uzito mkubwa ndio unaolipiwa. Shusha kimo hadi 27, unabaki na 10.8, basi unalipia zile 11 za mizani.

Jibu: Vifo ni barafu! Ikiyeyuka inakuwa maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, na kaa akilala humo anakufa. Tumia chupa za barafu zilizofungwa vizuri, juu yake gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Funga magando, usizibe matundu ya boksi. Matamvua yakiwa na unyevu tu, anapumua.

Jibu: Februari wekeni nafasi mapema, maua ya Valentine hujaza ndege Nairobi.