Tupeane uzoefu: unaumwa na baiskeli inakusubiri, unapanda au unaiacha?

Wakuu, kamwene. Nakaa Ipogolo, kazi iko Miyomboni. Wenyeji wa Iringa mnaujua mlima ule. Kwa wageni: Ipogolo iko chini kwenye Mto Ruaha Mdogo, mji uko juu, kwa hiyo siku yangu inaanza kwa kupandisha. Mwaka wa tatu huu natumia baiskeli.

Juzi niliamka pua imeziba na koo linawasha, basi. Nikajiambia mafua tu haya. Nikapandisha, nikafika jasho linanitiririka, nikashinda na shati bichi kwenye baridi hii ya Julai. Saa kumi na moja jioni homa imeshapanda, na sasa kuna mteremko wa kurudi nyumbani. Watu huogopa mlima. Mimi siku ile niliogopa breki. Vidole vinatetemeka, macho mazito, na kule chini kwenye barabara kuu malori ya Tunduma hayana mswalie. Nikashuka nikaikokota. Kina mama waliotoka sokoni na mizigo kichwani wakanipita wakinipa pole.

Tangu hapo sijiulizi tena kama nitaweza kwenda. Najiuliza nitarudije, maana homa hupenda kupanda jioni. Nyie mnaamuaje?

Mdau wa Uyole: Pole sana mkuu. Jirani yetu muuguzi alinipa kipimo chepesi: dalili zikiwa puani na kooni tu, nenda taratibu. Zikishuka kifuani, au mwili wote unauma na una homa, iache. Alisema kuna virusi vinavyoweza kushambulia misuli ya moyo, na kuutumikisha moyo wakati huo ni hatari. Mimi pia nahesabu mapigo kabla sijatoka kitandani. Kawaida yangu ni 58 kwa dakika. Nikikuta 70, naenda kituo cha daladala, sibishani na mtu.

Mdau wa Mwanjelwa: Yangu hayakuwa mafua. Nilikwenda msibani Kyela, kama wiki mbili baada ya kurudi nikaanza kusikia baridi. Sasa Mbeya mwezi wa saba, nani hasikii baridi? Nikaongeza koti, nikaendesha siku mbili hadi Iyunga. Siku ya tatu nikatapika kando ya barabara mbele za watu. Kupima, malaria. Nikapewa dawa mseto, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni, siku tatu. Homa ilipoisha nikajiona mzima, nikatoa baiskeli. Hata mita 300 sikufika, miguu ikagoma. Nilikaa wiki nzima ndipo nikaanza tena, na kwa kusuasua. Ukitoka Kyela au popote kwenye joto, kapime kwanza ndipo uisingizie baridi.

Mdau wa Mafinga: Mmesahau dawa zenyewe. Nilimeza piritoni alfajiri ili pua ifunguke, nikaondoka. Nilisinzia nikiwa naendesha! Nilishtuka niko mtaroni, ringi ya mbele imepinda kama chapati. Bahati hakukuwa na gari nyuma.

Mdau wa Njombe: Nyie mna ofisi, mnaweza kuchagua. Mimi nauza maziwa. Niumwe nisiumwe, ng'ombe anakamuliwa, na madumu yako kwenye keria kabla jua halijatoka. Nikizidiwa naikokota tu, na wateja wa mbali nawapigia simu wanifuate barabarani. Nusu wanakuja, nusu wananuna.

Mwanzisha mada: Wa Njombe, umeninyamazisha. Mimi nauli ninayo, kilichokuwa kinanipandisha mlima ule na homa ni ubishi wangu tu. Wa Uyole, nimehesabu mapigo leo asubuhi, bado yapo juu ya kawaida yangu. Nimepanda daladala. Konda kanitazama, akaniuliza kwa sauti gari zima lisikie: "Kaka, baiskeli umeuza?"